VX 100 iliyozeeka kisiwani: kuitunza, na kujua lini uiachie

Land Cruiser 100, hii ambayo mitaani inaitwa VX tu, ilitoka kiwandani kuanzia 1998 hadi 2007. Hata ile ya mwisho mwisho sasa ni mzee. Mwongozo huu unahusu aina mbili: dizeli ya turbo yenye silinda 6, cc 4,164 (injini ya 1HD-FTE), na petroli V8 ya cc 4,664 (2UZ-FE). Kama hujui yako ni ipi, soma kibati kwenye chumba cha injini: HDJ101 ni dizeli ya soko la Japani, UZJ100 ni V8.

Injini zote mbili zikipata oili safi na maji safi zinavuka kilomita 400,000 bila kufunguliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "gari nzima hii, injini haijaguswa", amekupa nusu ya habari. Gari ya Unguja na Pemba huliwa na chumvi kuanzia chini, na siku ya kuachana nayo huijui kwa mlio wa injini. Unaijua ukiwa umelala chali chini ya chesisi, nyundo mkononi. Pesa zako nazo zifuate njia hiyo hiyo: chesisi, breki, maji ya injini, mkanda, oili, halafu ndiyo ufike kwenye anasa.

Hatua ya 1: Igonge chesisi

Fanya mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na tena mvua zikishakatika. Unahitaji jeki, stendi 4 za chuma, nyundo ndogo, bisibisi bapa, brashi ya waya na tochi. Usiweke gari juu ya matofali ya bloki. Tofali hupasuka ghafla bila kutoa taarifa, na gari hii ina uzito wa zaidi ya tani 2.

Kabla ya kugonga, osha chini. Hapa ndipo wengi wanaharibu wakidhani wanatengeneza. Visima vingi vya karibu na pwani, Paje, Jambiani na kwengineko, vina maji ya chumvichumvi. Kuoshea chesisi maji hayo ni kuipaka chumvi upya, tena kwenye nyufa ambazo upepo usingefika. Onja maji kwanza. Yakiwa na chumvi kwenye ulimi, jaza madumu mawili matatu ya maji matamu nyumbani, au ngoja ufike mjini. Msukumo wa kawaida wa mpira wa bustani unatosha. Mashine ya presha kali ukiisogeza karibu inasukuma maji ndani ya beringi na krosi za propela (maungio ya shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu).

Ikishakauka, gonga kila baada ya inchi mbili ukisikiliza. Chuma kizima kinalia kikavu na nyundo inaruka. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti butu, na magamba yanaanguka usoni, kwa hiyo vaa miwani. Pale penye sauti butu sukuma bisibisi. Ikizama, hapo pana tundu hata kama rangi haijachanika.

Sehemu za kuangalia kwa makini:

- Boriti ya nyuma inayounganisha reli mbili za chesisi, juu ya tairi la akiba. Teremsha tairi, usipige tochi kwa pembeni tu. Mchanga hukaa hapo juu, hunyonya unyevu na haukauki mwaka mzima.
- Vishikizo vya mikono ya ekseli ya nyuma na vya shokapu.
- Boriti ya kati inayoshika torsheni baa za mbele (vyuma virefu vinavyojipinda kufanya kazi ya springi), pamoja na bolti zake za kukazia. Bolti zikishika kutu huwezi tena kurekebisha urefu wa mbele.
- Mipira ya bodi inapokaa juu ya chesisi.
- Paipu za breki zinazopita ubavuni mwa chesisi, hasa pale zinapobanwa na klipu. Klipu ya plastiki huficha kutu chini yake.

Kutu ya juu juu inatibika. Isugue mpaka uone chuma, pangusa, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, ngoja muda ulioandikwa kwenye kopo, paka praima ya zinki, halafu rangi mikono miwili. Ndani ya reli za chesisi brashi haifiki. Humo puliza nta ya matundu kwa mpira mrefu mwembamba, ukiingiza kwenye vitundu vilivyopo mpaka uone inachuruzika upande wa pili. Nta hiyo irudie kila mwaka.

Lami usipake juu ya kutu. Inapendeza siku ya kwanza, ila inafungia unyevu ndani na kutu inaendelea kula gizani. Baada ya miaka miwili unabandua lami na chuma kinakuja nayo. Oili chafu ya injini nayo ina wapenzi wake. Inazuia kutu kiasi, kweli, lakini inaozesha bushi na mipira ya breki, na ikifika kwenye diski ni hatari.

Pakihitajika kuchomelea, kipande kilichooza kikatwe mpaka chuma kizima, si kufunikwa kiraka juu. Toa vichwa vyote vya betri kabla fundi hajawasha mashine, la sivyo unaweza kuunguza kompyuta ya injini au ya ABS. Kama ni karibu na tangi la mafuta, tangi lishuke. Fundi akisema "haina neno, nitalifunika gunia bichi", tafuta mwengine.

Andika kwenye daftari: umekuta matundu mangapi, na wapi. Daftari hili tutalirudia.

Hatua ya 2: Breki

VX nyingi za kuanzia 2000 hivi hazina buta la breki la upepo, lile linalosaidia mguu kukanyaga. Zina pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki kwenye hifadhi yenye presha, kitu kimoja na masta silinda. Ni breki nzuri kweli, lakini pampu ikifa, pedali inakuwa jiwe na gari haisimami. Kipande kizima ni ghali, na cha mtumba ni bahati nasibu.

Ipime hivi kila miezi mitatu. Zima gari, swichi ikiwa imefungwa kabisa. Kanyaga breki mara 40. Utasikia pedali inazidi kuwa ngumu. Fungua swichi bila kuwasha injini, na uhesabu sekunde ambazo pampu inanguruma mpaka inyamaze. Nusu dakika au zaidi kidogo ni kawaida. Ikikaribia dakika nzima, pampu imechoka au hifadhi inavujisha presha, na huo ni wakati wa kutafuta spea ukiwa bado unatembea. Taa ya breki na ya ABS zikiwaka pamoja na kengele ikilia mfululizo, simama pembeni. Hiyo gari haiendeshwi tena mpaka kwa fundi, hata kama pedali bado inashika.

Kiwango cha mafuta ya breki kisome baada ya kule kukanyaga mara 40, kabla hujafungua swichi. Presha ikiwa imejaa, mafuta huonekana yamepungua, mtu anaongeza mpaka juu, na presha ikishuka yanarudi na kumwagika kwenye rangi. Tumia DOT 3 kutoka chupa iliyofungwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo badili yote kila mwaka badala ya kila miaka miwili. Chupa iliyokaa wazi dukani usiichukue hata kwa bure.

Paipu za chuma zilizoliwa badilisha kwa paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli. Shaba tupu ya friji haifai kabisa; inachoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Hatua ya 3: Maji ya injini, na vile vipande viwili vya plastiki

V8 haifi kwa kilomita. Inakufa kwa kuchemsha, na chanzo kinachosahauliwa ni viungo viwili vya plastiki vyenye umbo la herufi T, nyuma ya injini, karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Vinagawa maji ya moto kwenda hita ya mbele na ya nyuma. Hapa kwetu hita hakuna anayeiwasha, lakini maji yanapita humo siku zote. Baada ya miaka 15 au 20 ya joto plastiki inakuwa kama biskuti. Siku moja inavunjika, maji yanaisha ndani ya dakika chache, na kama uko kwenye foleni unaangalia simu, silinda hedi imekwenda.

Kwa jicho utaviona rangi imegeuka kahawia. Usivitingishe kuvijaribu ukiwa mbali na nyumbani, vinaweza kukuvunjikia hapo hapo. Vibadilishe hivi:

1. Injini ipoe kabisa, usiku kucha ikiwezekana. Fungua kifuniko cha rejeta.
2. Toa lita 4 hivi za maji kupitia bomba la chini la rejeta, kwenye ndoo safi.
3. Sogeza klipu kwa koleo. Mpira usiuvute, uchane kwa wembe kwa urefu pale ulipovaa kiungo. Ukivuta, kiungo kitamegeka na vipande kubaki ndani ya mpira.
4. Kila kiungo kina midomo mitatu. Hesabu vipande ulivyotoa uhakikishe umepata umbo zima. Kilichopungua kimo ndani ya mpira, kitafute kwa koleo nyembamba kabla hakijaziba hita au rejeta.
5. Weka viungo vipya, vya orijino au vya shaba ya njano vyenye kipenyo kile kile, na mipira mipya yote inayovigusa. Mpira wa zamani kwenye kiungo kipya utavuja ndani ya mwezi.
6. Jaza, washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho mbele na nyuma, subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uwe moto na hewa iache kutoka. Poza, ongeza tena.

Kama unabadilisha maji yote, tayarisha lita 15: kulenti ya Toyota nyekundu pamoja na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu. Maji ya kisima ya huku yamepita kwenye mawe ya chokaa. Yakichemka yanaacha ukoko mweupe ule ule unaouona ndani ya birika. Ukoko huo ndani ya rejeta haupigwi vimu.

Rejeta yenyewe ina kichwa cha plastiki. Kikiwa cheusi bado kina uhai, kikigeuka rangi ya chai ya maziwa kinangoja kupasuka. Hii inahusu dizeli pia.

Hatua ya 4: Mkanda wa taimingi

Injini zote mbili zina mkanda, si cheni. Dizeli ya Japani: kila kilomita 100,000, na taa ya T-BELT itawaka kukukumbusha. V8: kila kilomita 150,000. Kwa gari ambayo mita yake huiamini (na mita za kuagiza zina hadithi nyingi), badili mara moja baada ya kununua na uandike tarehe na kilomita kwa rangi kwenye kava.

Kwenye dizeli mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu. Badili mkanda, beringi yake na tensheni. Pampu ya maji ya dizeli inazungushwa na mikanda ya nje, kwa hiyo si lazima iguswe. Kwenye V8 pampu ya maji inazungushwa na mkanda huu huu. Ukibadili mkanda ukaiacha pampu ya zamani, ikivuja baada ya mwaka unalipa kazi yote upya na mkanda unalowa maji. Nunua seti nzima: mkanda, beringi mbili, tensheni, pampu, gasketi na themostati.

Hatua ya 5: Oili, grisi na dizeli

Oili ya injini kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Gari ya kutoka Chukwani kwenda Darajani na kurudi haifikishi kilomita hizo, lakini safari fupi zinachafua oili kuliko ndefu. V8 inakula lita 6 na kitu: mimina 6, washa dakika moja, zima, subiri dakika 5, ongeza kidogo kidogo kwa kijiti. Dizeli inakula nyingi zaidi. Anza na 8 na ufuate utaratibu huo huo. Usiende kwa namba ya mdomo ya mtu wa dukani.

Filta ya dizeli: legeza kizibo cha chini, piga pampu ya mkono mpaka maji yaishe na dizeli itoke safi. Fanya kila mwezi, na filta yenyewe badili kila kilomita 10,000. Nozeli za 1HD-FTE na pampu yake hazitaki maji hata tone.

Difu ya nyuma inachukua lita 3.3, ya mbele 1.7, giaboksi ndogo (inayogawa nguvu mbele na nyuma) lita 1.3, zote oili ya 75W-90. Za difu iwe ya daraja la GL-5. Fungua kwanza kizibo cha kujazia, ndipo cha kumwagia. Kizibo cha juu kikigoma baada ya kushamwaga, gari imekwama hapo hapo bila oili.

Wanaoshushia boti baharini, Fumba au Nungwi, wasome hapa mara mbili. Difu iliyotoka barabarani ni ya moto. Ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyomo inasinyaa ghafla na difu inavuta. Kama kipumulio chake kimeziba kwa tope, inavuta maji ya bahari kupitia sili za ekseli. Siku chache baadaye unafungua kizibo na oili inatoka kama maziwa. Ngoja nusu saa difu ipoe kabla ya kuingiza trela majini, na hakikisha vipumulio viko wazi. Oili ikiwa nyeupe, mwaga, jaza ya rahisi, tembea kilomita chache, mwaga tena, ndipo uweke nzuri. Ukiiacha wiki mbili, beringi zimekwisha.

Propela mbili zina chuchu 6 za grisi: krosi 4, na maungio ya kuteleza 2. Krosi pampu mpaka grisi mpya ionekane kwenye vikombe. Maungio ya kuteleza pampu mbili tatu tu, zaidi ya hapo yanajaa na propela haiwezi kurudi nyuma inapobanwa. Mara moja kwa mwezi weka gia ya L (gia nzito ya giaboksi ndogo) na ufunge difu ya kati, tembea mita 50 kwenye mchanga au udongo, kisha uachie. Mota inayofunga difu isipotumika inaganda, na utaijua siku ya tope la Konde au Ngezi, wakati unaihitaji.

Hatua ya 6: Sospensheni ya kupanda na kushuka

VX zenye swichi ya H, N na L (juu, kawaida na chini) zina sospensheni ya mafuta badala ya shokapu za kawaida, inaitwa AHC. Mafundi wengi wa hapa wanakushauri uing'oe siku ya kwanza tu inapoleta neno. Ipime kwanza.

Weka gari mahali tambarare, injini ikiwaka. Iweke H, soma alama kwenye chupa ya mafuta yake. Iweke L, soma tena. Mfumo mpya unatofautiana alama 14 hivi. Ukipata 10 au 11 bado unaishi. Ukipata 7 au chini, zile tufe nne za gesi zinazolainisha mwendo zimekufa, na ndiyo maana gari inadunda kama gari ya ng'ombe. Tufe zinabadilishwa zote nne kwa pamoja. Mafuta yake ni maalumu, kopo la lita 2.5 namba 08886-01805. Oili ya usukani haifai humo.

Gari ikiwa ngumu mbele tu, mara nyingi torsheni baa zimelegea na mafuta yamebeba mzigo usio wao. Kazi ya kukaza baa hizo ni ya saa moja, kama bolti hazijashika kutu.

Ukiamua kuing'oa, ing'oe yote: springi ngumu zaidi nyuma, shokapu nne, na torsheni baa nene zaidi mbele. Baa za AHC ni laini kwa sababu zilikuwa zinasaidiwa. Ukiziacha na shokapu za kawaida gari inainama pua. Na usifungue paipu yoyote ya mfumo huu kabla presha haijatolewa kwa vizibo vyake, wala usiingie chini bila stendi. Inaweza kujishusha yenyewe.

Anasa kwa ufupi

Paa la kufunguka lina mifereji minne midogo kwenye pembe. Majani ya mwarobaini yakiiziba, mvua ya masika inashuka ndani ya nguzo za kioo na kulowesha zulia. Mimina kikombe cha maji polepole kila pembe uone yanatokea chini. Zulia likilowa upande wa abiria bila mvua, mfereji wa kiyoyozi umeziba. Liinue likauke juani, maana sakafu ikioza kutokea ndani hutaiona. Waya za ardhi za betri zisugue na upake grisi. Viti vya ngozi vikipata ukungu, pangusa na uache vioo wazi kidogo kivulini. Nati za tairi, 5 kwa kila tairi, kaza newtoni-mita 131. Tairi angalia ubavu, kwani barabara za maweni zinachana pembeni, na namba nne za mwisho za DOT zinakwambia wiki na mwaka wa kutengenezwa.

Hatua ya 7: Fungua daftari

Kila mwisho wa mwaka jibu mambo matatu kwa namba.

Kwanza, chesisi. Tundu moja kwenye boriti ya nyuma linatengenezeka. Matundu kwenye reli kuu yenyewe, kwenye vishikizo vya mikono ya nyuma au pale torsheni baa zinaposhikwa, na yameongezeka tangu ukaguzi uliopita: hapo anza kutafuta nyengine, hata kama jana umeweka injini mpya.

Pili, siku. Hesabu siku gari ililala kusubiri spea. Kitu ambacho hakipo Unguja kinatafutwa Kariakoo au Ilala, kikikosekana kinaagizwa Dubai au Japani, na ukiwa Pemba ongeza meli nyengine. Punguza hasara hii kwa kutuma namba ya chesisi na picha ya kipande cha zamani, pande zote mbili, pamoja na rula. Hata hivyo, zikizidi siku 40 kwa mwaka, gari hiyo si ya kutegemea tena.

Tatu, pesa. Jumlisha matengenezo ya miezi 12 iliyopita, ongeza yale unayojua yanakuja (mkanda, tufe, pampu ya breki). Jumla ikizidi nusu ya bei ambayo ungeiuza leo, acha kuweka spea kubwa. Endelea na oili na breki tu mpaka uiuze.

Hatua ya 8: Ya kuchukua mahali pake

Land Cruiser 200 ilikuwa sokoni kuanzia 2007 hadi 2021. Kwa Japani iliuzwa ya petroli tu, kwa hiyo ukiagiza huko tegemea V8, ya lita 4.7 kwa za mwanzo na ya lita 4.6 kwa za baadaye. Dizeli ya V8 lita 4.5 inatoka masoko mengine, na ina turbo mbili na nozeli zinazodai dizeli safi kuliko ile 1HD-FTE yako. Anayehama kutoka dizeli ya silinda 6 akidhani atapata unyenyekevu ule ule atashangaa.

Kwa matumizi ya kisiwa, ambapo safari ni fupi, Prado 150 inatosha watu wengi. Ya Japani kabla ya 2015 ni petroli, ya 2.7 au 4.0, dizeli ya 2.8 ilianza mwaka huo. Ile 2.7 ni nzito kidogo mlimani, lakini ina cheni, spea zake ni rahisi, na mafundi wote wanaijua. Kama unavuta boti, 2.7 iache.

Unapoagiza, soma karatasi ya mnada kabla ya picha. Alama ya S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa, W ni mahali palipotengenezwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, na daraja la R ni gari iliyopata ajali. Gari za mikoa ya theluji, Hokkaido hasa, zimetembea juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi. Kutoa gari kwenye chumvi ya Hokkaido ukaileta kwenye chumvi ya Makunduchi ni kuifupishia safari. Omba picha za chini ya gari. Wakala akisema hazipatikani, ruka. Ushuru hutegemea umri wa gari na ukubwa wa injini, basi omba hesabu ya wakala wa forodha kabla hujalipa. Na kama kuna siku utataka kuivusha Bara, uliza mapema masharti ya gari yenye namba za Z, yaani za usajili wa Zanzibar.

Hatua ya 9: Kuiuza ya zamani

Uza kabla ya masika, wakati chini ni kukavu na mnunuzi anaweza kulala chini aangalie. Usipake lami ya kuficha. Anayejua VX atagonga, na akikuta kiraka atapunguza bei kuliko kutu yenyewe. Muoneshe daftari.

Kama chesisi imekwisha lakini injini ni nzima, usiuze gari, uza injini. 1HD-FTE inayowaka, ikiwa na giaboksi, kompyuta, waya zake na namba ya injini inayolingana na kadi, ina wateja wake peke yake, na bodi huuzwa mbali. Usiwape ruhusa wachomoe kidogo kidogo, maana injini isiyo na waya na kompyuta yake ni chuma tu.

Jina libadilishwe kwenye kadi kabla funguo haijatoka mkononi. Halafu chukua ile nta iliyobaki kwenye kopo uiingize kwenye reli za gari mpya wiki ile ile inayotoka bandarini, kabla haijaona mchanga wa pwani.